Breki za Pikipiki: Fufua Ulizonazo Kabla ya Kununua Mpya

Breki zikianza kulegea, wengi wetu hukimbilia kununua. Diski kubwa zaidi, kalipa (kibanio kinachosukuma pedi kwenye diski) ya pistoni nne, masta silinda (pampu ya mafuta ya breki iliyo kwenye mkono wa breki) iliyotoka kwenye pikipiki ya mbio. Mimi pia nilianza hivyo. Nilibadilisha pedi mara mbili kwenye pikipiki moja, na bado mkono wa breki ulilegea kila niliposhuka mteremko mrefu, mpaka siku moja ukanishukia karibu na usukani huku lori likiwa mbele yangu. Breki ya nyuma na gia ndizo zilizoniokoa. Nilipofika nyumbani nikafungua nipeli ya kalipa, yaani skrubu ya kutolea mafuta na hewa: mafuta yaliyotoka yalikuwa ya kahawia iliyokolea, yamejaa vijipovu, na chini ya chupa yakaacha tope jeusi. Sikuwa nimeyagusa tangu niinunue pikipiki ile. Kasoro haikuwa kwenye pedi hata kidogo.

Kwa hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio ninaouamini: kagua, safisha, badilisha mafuta, kisha pedi, kisha mipira (mabomba yanayopitisha mafuta ya breki). Masta silinda na diski kubwa vinakuja mwisho, na wengi mkifika hapo mtakuta hamvihitaji tena.

Kwanza, breki inafanya kazi gani

Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Pikipiki na dereva wake wenye uzito wa jumla wa kilo 200, wakiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, wamebeba nishati ya takriban kilojuli 28. Ongeza mwendo ufike 120 na nishati inakuwa mara nne, zaidi ya kilojuli 110. Yote hiyo inapita kwenye vipande viwili vya pedi na diski nyembamba, na sehemu ya joto lake huingia kwenye mafuta ya breki. Breki nyingi zinazokufa barabarani hufa kwa joto, hasa pale mafuta yanapochemka.

Jambo la pili: ukifunga breki, uzito mwingi huegemea mbele. Ndiyo maana kwenye lami kavu breki ya mbele hubeba sehemu kubwa ya kazi, na pikipiki nyingi zina diski kubwa mbele na ndogo, au ngoma, nyuma. Kama una muda wa kushughulikia breki moja tu leo, anza na ya mbele.

La tatu ndilo husahaulika zaidi. Kinachosimamisha pikipiki mwishowe ni tairi. Tairi gumu la zamani likianza kuteleza, breki kali zaidi itakuangusha tu mapema zaidi. Kagua tairi na upepo wake kabla ya kutumia hata shilingi moja kwenye breki.

Hatua ya kwanza: ukaguzi

Unahitaji tochi, kitambaa na dakika ishirini. Kitabu cha pikipiki yako kiwe karibu. Vipimo vyake ndivyo vya kufuata popote vinapopingana na vya kwangu.

Bana mkono wa breki ya mbele kwa nguvu na uushikilie kwa sekunde thelathini. Unapaswa kukaza na kubaki pale pale. Ukiwa laini kama sponji, kuna hewa, au mipira inatanuka. Ukizama taratibu bila mafuta kuvuja nje, sili (pete ya mpira inayozuia mafuta yasipite) ya ndani ya masta silinda imechoka. Ukiukandamiza mara kadhaa mfululizo na ukapanda kila mara, mara nyingi ni hewa, au pistoni zinarudi ndani kupita kiasi, pengine kwa sababu ya diski iliyopinda au beringi la gurudumu lililolegea.

Tazama dirisha la chombo cha mafuta ya breki. Kiwango kikishuka polepole kwa miezi, usikimbilie kujaza. Pedi zikilika, pistoni hutoka nje zaidi na mafuta huzifuata, kwa hiyo kiwango kilichoshuka ni taarifa ya pedi. Ukijaza hadi juu sasa, siku utakaporudisha pistoni ndani ili uweke pedi mpya, mafuta yatafurika na kula rangi ya tangi. Lakini kikishuka ghafla, tafuta mahali panapovuja na usiendeshe.

Pedi: mulika kwenye kalipa uone unene wa nyenzo ya msuguano, bila kuhesabu bamba la chuma lililo nyuma yake. Nyingi zina mfereji wa kuonyesha ulikaji. Ukifutika, muda wake umekwisha. Mimi sisubiri hapo. Zikibaki milimita 2 nabadilisha, kwa sababu pedi nyembamba hupitisha joto haraka kwenda kwenye pistoni na mafuta. Linganisha pedi zote mbili. Moja ikiwa imelika sana kuliko mwenzake, kuna kitu kimekwama kwenye kalipa, na pedi mpya zitaishia vilevile.

Diski nyingi zimechongwa unene wa chini unaoruhusiwa, zikianza na herufi MIN TH. Pima sehemu inayosuguliwa na pedi, katika sehemu kadhaa. Kuwa mwangalifu na ukingo wa nje: huwa haulikwi, hivyo kipimo kinachoukalia kitakudanganya kwamba diski bado nene. Rangi ya bluu iliyosambaa kwenye diski ni alama ya joto kali, mara nyingi la breki inayojikaza yenyewe. Ili kuthibitisha, inua gurudumu lizunguke kwa mkono, funga breki, achia, kisha zungusha tena. Msuguano mwepesi ni kawaida. Likigoma kuzunguka, kalipa inahitaji kusafishwa.

Mipira: ikunje kidogo kwa vidole, hasa karibu na ncha zake. Ukiona nyufa, uvimbe au unyevunyevu, pikipiki ibaki nyumbani.

Kwa walio na breki ya ngoma

Breki ya ngoma haina mafuta ya kuchemka, lakini ina tabia zake. Pedali ya nyuma kwa kawaida huhitaji mchezo (mwendo wa bure) wa milimita 20 hadi 30 kabla viatu vya breki havijagusa ngoma; unaurekebisha kwa nati iliyo mwisho wa fimbo ya breki. Pikipiki nyingi zina mshale mdogo kwenye mkono wa ngoma. Ukifunga breki na mshale ukapita alama, viatu vimekwisha hata kama nati bado ina nafasi ya kukazwa.

Kuna kosa moja ninaloliona kila mara: mtu anakaza cheni, gurudumu linasogea nyuma, fimbo ya breki inavutika, na breki inabaki imeshika kidogo bila yeye kujua. Kilomita chache baadaye ngoma inachoma vidole. Kila ukigusa cheni, malizia kwa kupima mchezo wa pedali na kuzungusha gurudumu.

Ukifungua ngoma, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu. Usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, kwani viatu na pedi za zamani zinaweza kuwa na asbesto, nyuzi za madini hatari kwa mapafu. Paka grisi kidogo sana kwenye kemu inayosukuma viatu. Ikizidi, joto litaiyeyusha na itaishia kwenye viatu vyenyewe.

Hatua ya pili: safisha kalipa

Hii ndiyo kazi inayorudisha breki nyingi kwenye uhai, na haigharimu karibu chochote. Pistoni ya kalipa hairudishwi na springi. Hurudishwa na sili ya mpira ya pembe nne inayojikunja kidogo pistoni inapotoka, kisha ikajinyoosha unapoachia. Uchafu ukiganda kwenye pistoni, sili inashindwa kuivuta, na pedi zinabaki zimeegemea diski.

Fungua bolti za kalipa, uitoe kwenye diski, na uifunge kwa kamba ili isining'inie kwenye mpira wake. Toa pedi. Andaa maji ya vuguvugu yenye sabuni na mswaki wa zamani. Sasa bana mkono wa breki polepole, mara moja au mbili tu, pistoni zitoke milimita chache; ukizidisha zitachomoka kabisa. Utaona pete ya uchafu mweusi kuzunguka kila pistoni. Isugue yote, hadi upande wa nyuma usioonekana, kwa kupitisha kitambaa chembamba na kukivuta huku na huku. Suuza, kausha, na ukague uso wa chuma: unapaswa kuwa laini unaong'aa. Vishimo vya kutu vinamaanisha pistoni na sili mpya, kwa sababu kila pistoni ikipita itaikwaruza sili. Msasa hauna kazi hapa. Petroli na oili ya injini pia zikae mbali, huvimbisha sili.

Kama ni safi, paka utando mwembamba wa grisi ya silikoni au ya mpira inayotengenezwa kwa ajili ya breki, kisha rudisha pistoni ndani kwa vidole gumba. Ikikataa vidole, ina shida.

Kalipa zenye pistoni upande mmoja tu huteleza juu ya pini mbili. Pini hizi ndizo mhusika wa kwanza pale pedi moja inapolika kuliko nyingine. Nimewahi kuchomoa pini iliyogandiana na kutu kiasi kwamba kalipa ilikuwa imesimama kama imechomelewa. Pedi ya ndani ilifika kwenye chuma huku ya nje ikiwa karibu mpya. Zichomoe, zifute, zipake grisi ya breki, na ubadilishe vifuniko vya mpira vilivyochanika, maana maji ya mvua huingilia hapo.

Hatua ya tatu: mafuta mapya

Mafuta ya breki ya aina za DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hunyonya unyevu kutoka hewani, na unyevu hushusha kiwango chao cha kuchemka. DOT 4 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kufikia asilimia 3.7, kiwango cha chini kinachotakiwa ni 155. Kwa DOT 5.1 ni 260 na 180, kwa DOT 3 ni 205 na 140. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanika. Hapo ndipo mkono wa breki unapofika kwenye usukani bila kusimamisha chochote.

Badilisha kila miaka miwili, hata kama pikipiki imelala. Soma kifuniko cha chombo na utumie aina iliyoandikwa. DOT 5, licha ya namba yake, ni ya silikoni. Usiichanganye na hizo nyingine wala usiitumie kwenye pikipiki ambayo haikuundwa kwa ajili yake. Nunua chupa ndogo iliyofungwa. Iliyobaki ikishafunguliwa imeanza kunyonya unyevu, usiitunzie mwaka ujao.

Sasa kutoa mafuta ya zamani na hewa:

1. Geuza usukani mpaka chombo cha mafuta kiwe sawa. Funika tangi kwa kitambaa na uweke ndoo ya maji karibu. Tone likianguka kwenye rangi, mwagia maji hapo hapo.

2. Fungua kifuniko. Skrubu zake hupasuka vichwa kirahisi: chagua bisibisi inayoingia sawasawa na uigonge kidogo kwanza. Nyonya mafuta ya zamani kwa bomba la sindano, futa tope, mimina mapya.

3. Weka spana ya pete kwenye nipeli ya kalipa, mara nyingi ya namba 8, kisha chomeka mrija mwembamba unaopitisha mwanga. Ncha yake izame kwenye mafuta kidogo ndani ya chupa.

4. Bana mkono wa breki na uushikilie. Fungua nipeli robo mzunguko. Mkono utashuka na mafuta yatatoka. Funga nipeli kwanza, ndipo uachie mkono. Ukiachia mapema, utavuta hewa ndani na kuanza upya.

5. Rudia. Kila baada ya mara tano au sita, angalia chombo. Kikikauka, masta silinda inameza hewa.

6. Endelea mpaka kwenye mrija yapite mafuta safi yasiyo na povu. Kama mbele una kalipa mbili, fanya zote.

Kwenye pikipiki iliyozeeka, weka kipande kidogo cha ubao chini ya mkono wa breki usifike mwisho kabisa. Ndani ya masta silinda kuna eneo ambalo sili haijawahi kufika, lina kutu na uchafu, na unaweza kuichana siku hiyo hiyo unapodhani unaitunza.

Mkono ukibaki laini baada ya yote haya, hewa imejificha mahali pa juu, mara nyingi kwenye bolti inayounganisha mpira na masta silinda. Gongagonga mpira na kalipa kwa mpini wa bisibisi, bana kwa mwendo mfupi mfupi, na utaona vipovu vikipanda kwenye chombo kimoja kimoja. Njia nyingine: bana mkono, ufunge kwa kamba kwenye usukani, uache mpaka asubuhi. Mara nyingi hukuta umekaza. Nipeli nazo ni tupu ndani na hukatika. Zikaze kwa kiasi, kisha rudisha vifuniko vyake vya mpira.

Pikipiki zenye ABS (mfumo unaozuia gurudumu lisigande unapofunga breki) zina kitengo cha pampu na vali kinachoweza kubakiza mafuta ya zamani au hewa, na baadhi huhitaji kompyuta ya fundi kuzifungua vali hizo. Kubadilisha mafuta kwa njia ya kawaida kunawezekana kwa nyingi, lakini soma kitabu kwanza, na usiuache mfumo ukauke.

Hatua ya nne: pedi

Hapa ndipo uboreshaji unapoanza. Pedi za oganiki hushika kwa upole, hufaa kwa mwendo wa mjini, hazili diski sana, ila huisha mapema na hazipendi joto jingi. Pedi za sinta, yaani unga wa metali ulioshikamanishwa kwa joto, huvumilia joto na mvua vizuri na hudumu zaidi, lakini huchosha diski haraka. Hakikisha diski yako inazikubali. Diski za chuma cha kusubu (cast iron) hazifai kwa pedi za sinta.

Kwenye bamba la nyuma tafuta herufi mbili kama FF, GG au HH. Ya kwanza hueleza msuguano wa pedi ikiwa ya ubaridi, ya pili ikiwa ya moto, na kadiri herufi inavyosonga mbele ndivyo inavyoshika zaidi. Kwa barabara usitafute pedi za mbio. Zile huamka zikishapata moto, na wewe unahitaji breki inayoshika kwenye kona ya kwanza baada ya kutoka nyumbani.

Osha diski kwa kisafishio cha breki na usiiguse tena kwa mikono yenye mafuta. Pedi iliyolowa oili ya cheni au ya shokapu itupe, kuisugua kwa msasa hakuiponyi. Ukishafunga, pampu mkono wa breki mpaka ukaze kabla hujapanda. Mara ya kwanza utashuka hadi mwisho kwa sababu pistoni zipo mbali.

Kisha zizoeshe pedi mpya. Kwenye barabara tupu, punguza mwendo kutoka 50 hadi 10, kwa nguvu ya wastani, mara kumi hivi, ukiacha diski ipoe katikati. Usisimame kabisa ukiwa umebana, pedi ya moto huacha alama kwenye diski. Kwa kilomita mia mbili za mwanzo jipe nafasi kubwa zaidi nyuma ya magari.

Hatua ya tano: mipira ya waya

Mipira ya kawaida hutanuka kadiri inavyozeeka, na watengenezaji wengi hushauri kuibadilisha kila miaka 4. Badala ya kurudisha ileile, huu ndio wakati wa kuweka iliyofumwa kwa waya wa chuma kisichoshika kutu. Haiongezi nguvu ya breki, ila inakurudishia hisia: ulichobana ndicho kinachofika kwenye kalipa.

Ifuate njia ya mipira ya awali. Kabla ya kukaza, geuza usukani kona zote mbili na ukandamize shokapu hadi chini, uhakikishe hakuna kinachovutika wala kusugua. Washa (pete bapa) za shaba au alumini kwenye bolti za maungio ziwe mpya kila mara, na kaza kwa spana yenye kipimo kulingana na kitabu.

Hatua ya sita: masta silinda, kalipa, diski

Masta silinda kubwa hudanganya watu. Ukitoka pistoni ya milimita 12.7 kwenda 15.9, eneo linaongezeka kutoka takriban milimita za mraba 127 hadi 199. Mkono wa breki utahisi mgumu na mfupi, kama wa pikipiki ya gharama, lakini utahitaji nguvu ya vidole zaidi kwa asilimia 57 hivi kupata msukumo uleule. Umepata ugumu, umepoteza nguvu. Masta silinda ilingane na jumla ya pistoni za kalipa zako, na njia salama ni kuchukua seti iliyoundwa pamoja kiwandani.

Diski yenye kipenyo kikubwa huongeza nguvu kweli, kwa sababu pedi inashika mbali zaidi na ekseli. Lakini huhitaji kishikizo cha kalipa kilichotengenezwa kwa usahihi, na kwenye ABS pete ya kihisio lazima ibaki na idadi ileile ya meno na nafasi ileile. Kishikizo cha kuchomelea gereji sikikubali hata kwa dawa.

Jaribio la mwisho

Baada ya kazi yoyote kati ya hizi: pampu mikono na pedali mpaka zikaze. Sukuma pikipiki kwa miguu, funga ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake. Washa, nenda mahali tupu, jaribu kwa kilomita 20 kwa saa, halafu 40. Rudi, mulika kila ungio kwa tochi, pitisha kitambaa cheupe kavu chini ya nipeli na bolti za mipira, na uzipime tena bolti za kalipa kwa spana. Kitambaa kikitoka kikavu, unaweza kuingia barabarani.